KURA YA MAONI SI KURA

Hotuba juu ya namna vyombo vya habari vinavyopaswa kutangaza utafiti wa maoni, iliyotolewa Kariandusi mbele ya wanamageuzi na waumini

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa sura ya nje laonekana kuwa la mabingwa wa hesabu, nalo ni kura za maoni na jinsi magazeti, redio na televisheni zinavyozitangaza. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili si lao peke yao. Hapa katikati ya Bonde la Ufa, hesabu za uchaguzi zimewahi kuamua nani alale nyumbani kwake na nani alale katika hema. Mtu akitangaziwa kwa miezi mitatu kwamba upande wake umekwisha kushinda, kisha usiku mmoja akatangaziwa kwamba umeshindwa, aghalabu hatafuti daftari la hesabu, hutafuta adui. Kwa hiyo mtangazaji anayesoma asilimia hewani ameshika moto, na yampasa ajue anaupeleka wapi.

JINA LENYEWE LINA MTEGO

Tuanze na jina. Wakenya tumezoea kuuita utafiti huu "kura ya maoni." Lakini jina hilo hilo tulilitumia Novemba 21, 2005, tulipokwenda vituoni kuamua juu ya rasimu ya katiba kwa alama za ndizi na chungwa. Tukalitumia tena Agosti 4, 2010, tulipoipitisha Katiba tuliyo nayo. Siku hizo mbili zilikuwa za kura za kweli: palikuwa na daftari la wapiga kura, karatasi, sanduku, maajenti, na matokeo yenye nguvu ya sheria. Jirani zetu wa Tanzania nao huita kura ya maoni lile zoezi la wanachama kumpendekeza mgombea wa chama chao. Basi msikilizaji wa redio akiambiwa kwamba fulani "ameshinda kura ya maoni," si ajabu akidhani kuna sanduku mahali fulani lililokwisha kufunguliwa.

Hakuna sanduku. Kuna watu elfu moja au elfu mbili walioulizwa swali, wengi wao siku hizi kwa simu, na kuna kampuni iliyojumlisha majibu yao. Hakuna aliyepiga kura, na kwa hiyo hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Ningependa watangazaji wetu waseme "utafiti wa maoni," na waache kabisa maneno "kushinda" na "kubwagwa" mpaka siku ya uchaguzi wenyewe. Uaminifu katika habari huanza na uaminifu katika maneno.

TULIKOTOKA

Wazee walio hapa wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988. Watu walipanga foleni mchana wa jua, wakahesabika kwa macho, kisha mahali pengi aliyetangazwa mshindi akawa ni yule mwenye mstari mfupi. Jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya liliandika habari hizo; mwezi Machi 1988 likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akashtakiwa na kufungwa. Maaskofu na wachungaji walionena waziwazi juu ya wizi ule waliitwa wachochezi.

Nalitaja hili kwa sababu moja. Mageuzi yaliyofikia kufutwa kwa kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991 yalipata nguvu kutoka kwa watu waliochoka kuhesabiwa vibaya. Walitaka idadi itangazwe kama ilivyo. Kwa hiyo sisi, warithi wa harakati hizo, hatuna ruhusa ya kuvumilia hesabu ya uongo inapotupendeza na kuilaani inapotuudhi. Ikiwa mstari mfupi ulikuwa uongo ulipotangazwa kuwa mrefu, hata asilimia mbili za bahati nasibu ni uongo zinapotangazwa kuwa ushindi.

Tena niseme waziwazi: siupingi utafiti wa maoni. Katika enzi ya chama kimoja mwananchi hakuulizwa anamtaka nani, aliambiwa. Kuulizwa kwa hiari, na majibu yakachapishwa hata yasipompendeza mkubwa, ni tunda la uhuru. Ninachopinga ni tunda kuuzwa likiwa limeoza.

BAMBO NA GUNIA

Watu walioulizwa elfu mbili wawezaje kusema kwa niaba ya mamilioni? Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake wakulima wa Gilgil, Njoro na Subukia wanalijua tayari. Mnunuzi wa mahindi hafungui kila gunia na kuimwaga kila punje. Huchukua bambo, kile chuma chenye mfereji, akalichoma gunia, akatoa kiganja kimoja, akatazama. Akichoma juu, katikati na chini, na akachoma magunia mbalimbali bila kuchagua, kiganja kile kitamweleza ukweli wa shehena nzima. Akichoma juu tu, mahali muuzaji alipoweka mahindi mazuri, atadanganyika hata akichoma mara mia.

Hiyo ndiyo siri yote ya sampuli. Wingi peke yake hausaidii; kinachosaidia ni kila mwananchi kuwa na nafasi ya kufikiwa. Mwaka 1936 jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma karatasi milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alfred Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili. Kosa lilikuwa nini? Majina mengi yalitolewa katika orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo maskini hakuwa na simu wala gari. Bambo lilichomwa juu tu. Mwaka huo huo George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi lakini kwa mpango, alimtaja mshindi sawasawa.

Somo hilo latuhusu leo. Redio inapofungua simu na kuwauliza wasikilizaji wake wanamtaka nani, inachoma bambo juu ya gunia lake yenyewe. Kadhalika ukurasa wa mtandao unaowaambia wafuasi wabonyeze jina. Kura elfu hamsini za namna hiyo hazina uzito wa majibu elfu moja yaliyotafutwa kwa nasibu. Chombo cha habari kinachozitangaza pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja, kinawapotosha watu wake.

KIWANGO CHA MAKOSA

Hata bambo likichomwa vizuri, kiganja hakiwezi kufanana na gunia kikamilifu. Tofauti hiyo ndiyo iitwayo kiwango cha makosa, na ina hesabu yake. Wakiulizwa watu 1,000, kila asilimia inayotangazwa yaweza kupungua au kuzidi kwa pointi 3 hivi. Wakiulizwa 2,000, ni pointi 2 na kidogo. Ili kupunguza makosa hadi nusu, yapasa kuuliza watu mara nne zaidi. Na hata hivyo uhakika wenyewe ni wa mara 95 katika 100. Mara 5 zilizobaki kiganja huwa mbali zaidi.

Hapa ndipo wahariri wengi wanapoteleza. Kiwango cha makosa ni cha kila mgombea peke yake. Ukitazama pengo kati ya wagombea wawili wanaokaribiana, makosa hukaribia kuwa mara mbili, kwa maana mmoja aweza kuwa amezidishiwa na mwenzake amepunguziwa. Basi pengo la pointi 3 katika utafiti wa watu 2,000 halimwonyeshi anayeongoza. Linaonyesha kwamba wanakaribiana, na hilo ndilo neno la kuandikwa katika kichwa cha habari.

Tuipime kanuni hii kwa mambo tuliyoyaona wenyewe.

Mwezi Desemba 2007 utafiti wa mwisho wa kampuni ya Steadman ulimpa Raila Odinga asilimia 45 na Mwai Kibaki 43. Desemba 30 Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Kibaki kuwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila. Tofauti ya kura 231,728. Ndugu zangu, tazameni vizuri. Pengo la utafiti lilikuwa pointi 2 upande huu, na pengo lililotangazwa lilikuwa pointi 2 na kidogo upande ule. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha wizi, wala hauwezi kuusafisha uchaguzi ule. Ulisema jambo moja tu: wawili hawa wanakaribiana. Lakini wananchi hawakuwa wameelezwa hivyo. Kwa miezi walikuwa wamesikia neno "aongoza," na kila upande ukaingia kituoni ukiamini kwamba kushindwa hakuwezekani ila kwa hila.

Kilichofuata hakihitaji kusimuliwa katika wilaya hizi. Tume ya Waki iliandika kwamba watu 1,133 walipoteza maisha nchini. Naivasha na Nakuru ziliwaka mwishoni mwa Januari 2008, na mahema ya wakimbizi yakajaa kandokando ya barabara hii kuu. Sisemi kwamba utafiti wa maoni ndio uliowasha moto ule. Chuki za ardhi zilikuwapo tangu mapigano ya 1992, na Tume ya Kriegler ilieleza kwamba uhesabuji ulivurugika kiasi cha kutojulikana kwa uhakika nani alishinda. Nasema tu kwamba matumaini yaliyojengwa juu ya hesabu isiyoelezwa yalikuwa kuni kavu.

Mwaka 2013 tafiti za mwisho ziliwaweka Uhuru Kenyatta na Raila Odinga karibu sawa, kila mmoja akiwa na asilimia 45 hivi, na wengi wakatangaza kwamba lazima kutakuwa na duru ya pili. Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Mwaka 2017, siku chache kabla ya Agosti 8, Infotrak ilimpa Raila 47 na Uhuru 46, ilhali Ipsos ilimpa Uhuru 47 na Raila 43. Kila kambi ikashika karatasi iliyoipendeza na kuiita nyingine ya kulipiwa. Mtangazaji mwaminifu angeziweka mbili hizo mezani pamoja na kusema: kampuni moja haimtofautishi anayeongoza, nyingine inamweka Uhuru mbele kidogo; subirini.

Mwaka 2022 kampuni tatu zinazojulikana zaidi, TIFA, Infotrak na Ipsos, zote zilimweka Raila mbele. William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Wengi walisema watafiti walidanganya. Lakini utazameni utafiti wa TIFA wa siku za mwisho: Raila 46.7, Ruto 44.4. Pengo ni pointi 2.3. Jumlisheni hizo mbili mpate 91.1, zimebaki karibu pointi 9. Hao 9 ni wafuasi wa wagombea wengine, wasioamua na waliokataa kusema. Ni mara nne ya pengo lenyewe! Habari kubwa ya siku ile ilikuwa hao 9, na karibu hakuna aliyewaweka katika kichwa cha habari. Zaidi ya hayo, utafiti huuliza mtu anampenda nani; hauwezi kumtoa nyumbani siku ya kura. Mwaka ule, katika wapiga kura milioni 22.1 walioandikishwa, karibu mmoja katika kila watatu hakutokea. Katiba nayo inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Mwenye 46 katika utafiti hajafika popote bado.

NAKURU KATIKA UTAFITI WA TAIFA

Kuna kosa jingine linalotugusa sisi wa hapa. Baada ya kutangaza asilimia za taifa, redio hupenda kuendelea: "Katika Kaunti ya Nakuru, fulani ana asilimia 58." Tufanye hesabu. Mwaka 2022 Nakuru ilikuwa na wapiga kura zaidi ya kidogo ya milioni 1, yaani chini ya mmoja katika kila 20 wa nchi. Katika utafiti wa watu 2,000 uliogawanywa kwa haki, Nakuru itapata watu wapatao 95. Kiwango cha makosa kwa watu 95 ni pointi 10. Hiyo 58 yaweza kuwa 48, yaweza kuwa 68.

Kaunti ina maeneobunge 11. Gilgil itapata watu 8 au 9. Kariandusi yaweza isipate hata mmoja. Na bado utasikia mgombea akisimama sokoni na kusema utafiti umeonyesha Gilgil ni yake! Mhariri anayechapisha asilimia ya kaunti kutoka utafiti wa taifa bila kusema ni watu wangapi walioulizwa katika kaunti hiyo, amechapisha uvumi wenye nukta za desimali.

Huwa ni vibaya zaidi pale majibu yanapogawanywa kwa kabila. Katika mji wenye mchanganyiko kama Nakuru, kumwambia jirani kwamba "watu wa upande ule" wote ni wa mgombea fulani, kwa ushahidi wa watu thelathini walioulizwa kwa simu, ni kumchorea alama mlangoni.

HOFU NAYO HUJIBU

Utafiti hutegemea mtu kusema ukweli, na ukweli hutegemea usalama. Hapa kwetu mtu aliyeona nyumba ya jirani ikichomwa kwa sababu ya kura hujifunza kunyamaza. Akipigiwa simu na sauti asiyoijua, yenye lafudhi ya kabila jingine, ikimuuliza jina lake, mahali anapoishi na mgombea wake, atafanya nini? Wengine hukata simu. Wengine hujibu lile wanalodhani lasalimisha. Wengine husema hawajaamua, ilhali wameamua tangu mwaka jana.

Kwa hiyo idadi ya waliokataa kujibu si takataka ya kutupwa. Ni habari kamili, na katika maeneo yenye makovu yaweza kuwa habari muhimu kuliko zote. Chombo cha habari kinachotangaza asilimia za wagombea na kuwaficha walionyamaza kimewanyamazisha mara ya pili.

SHERIA NA HATARI YAKE

Bunge lilipitisha mwaka 2012 sheria ya kuchapisha kura za maoni za uchaguzi. Inamtaka anayechapisha aeleze mfadhili wa utafiti, aliyeufanya, tarehe, watu walikotolewa na idadi yao, na kiwango cha makosa. Inakataza pia kuchapisha matokeo ya utafiti katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Ni sheria njema, lakini mara nyingi hutimizwa kwa maandishi madogo chini ya ukurasa, na redioni haisomwi kabisa. Sheria imetaka mwananchi aelezwe, wala haikutaka mchapishaji ajikinge tu.

Hata hivyo tujihadhari na tiba inayoua. Mwaka 2018 shirika la Twaweza nchini Tanzania lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kukubalika kwa Rais John Magufuli kumeshuka hadi asilimia 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaliandikia kutaka maelezo juu ya kibali chake, na pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa. Mwaka huo huo sheria ya takwimu ikarekebishwa na kutishia kumwadhibu atakayetangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Ilibidi irekebishwe tena mwaka 2019 baada ya malalamiko. Hatutaki kufika huko. Utafiti dhaifu hujibiwa kwa maswali makali na kwa utafiti bora. Polisi hawana kazi hapo.

Na wapo wafadhili wenyewe wanaonyamazisha. Siku ya kura ya 2007, taasisi ya Kimarekani ya International Republican Institute iligharimia utafiti wa watu waliokuwa wakitoka vituoni. Ulimweka Raila mbele kwa pointi 6 hivi. Haukutolewa wakati nchi ilipokuwa ikiungua. Taasisi ilisema ina shaka na ubora wake, na ukachapishwa miezi kadhaa baadaye, mwaka 2008. Uwe sahihi au usiwe, wananchi walibaki na minong'ono. Ndiyo maana yapasa kuuliza mapema: utafiti huu ni mali ya nani, na nani ana uwezo wa kuufungia kabatini?

TUNAYOYATAKA KWA VYOMBO VYA HABARI

Wageni wanaokuja Kariandusi huonyeshwa mashoka ya mawe yaliyochimbuliwa tangu siku za Louis Leakey, aliyeanza kupachunguza mahali hapa mwaka 1928. Mtaalamu wa kale halinyanyui shoka kabla ya kuandika limelala wapi, kwa kina gani na katika tabaka gani la udongo. Likishanyanyuliwa bila maelezo hayo, hubaki jiwe tu. Haliwezi tena kutueleza habari za walioliunda. Asilimia ya utafiti ni vivyo hivyo. Ikinyanyuliwa peke yake na kuwekwa katika kichwa cha habari, imepoteza maana. Basi tunawaomba wahariri na watangazaji, wa magazeti makubwa na wa redio za lugha zetu, watimize haya:

1. Watuambie nani amelipa na nani ameuliza, na kama mlipaji ana uhusiano na mgombea au chama.

2. Watuambie siku ambazo watu waliulizwa, kwani maoni ya kabla ya kutajwa mgombea mwenza si maoni ya baada yake. Mwaka 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune lilichapisha kwamba Dewey amemshinda Truman. Watafiti walikuwa wameacha kuuliza mapema mno, na Truman ndiye aliyeshinda.

3. Watuambie ni watu wangapi, kutoka kaunti zipi, na walifikiwa kwa njia gani, kwa simu au mlangoni.

4. Watusomee swali lenyewe. Kuuliza "Ukipiga kura leo utamchagua nani?" si sawa na kuuliza "Unadhani nani atashinda?"

5. Kiwango cha makosa kisomwe pamoja na asilimia, katika sentensi moja. Pengo likiwa ndani ya makosa, neno liwe "wanakaribiana."

6. Wasioamua na waliokataa kujibu watajwe kila mara, mwanzoni mwa habari.

7. Utafiti mmoja usitangazwe kama mwanayatima. Uwekwe kando ya tafiti nyingine za wiki hizo, na kando ya ule uliotangulia wa kampuni ile ile.

8. Asilimia za kaunti, kabila au dini zisitangazwe pasipo idadi ya walioulizwa. Na idadi ikiwa ndogo, zisitangazwe kabisa.

TUNAYOPASWA KUYATENDA SISI

Lakini tusiwatwishe waandishi mzigo wote. Picha zenye nembo za kampuni za utafiti na asilimia za kubuni husambazwa kwa simu, na mara nyingi anayezisambaza ni sisi: mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya, katibu wa vijana. Amri inayokataza ushuhuda wa uongo haikuondoa ujumbe uliotumwa na mwingine nawe ukaupitisha mbele. Kabla hujaituma, tafuta kama kampuni yenyewe imeitangaza. Usipoipata, iishie kwako. Na mimbari isiwe mahali pa kusomea asilimia, hata zile zinazowafurahisha waumini wengi wa parokia hiyo.

Biblia yasimulia wapelelezi 12 waliotumwa na Musa kuikagua nchi ya Kanaani. Wote walikwenda nchi moja, wakaona miji ile ile, wakarudi na kichala kile kile cha zabibu. Kumi waliieleza habari yao kwa namna iliyowatisha watu, na taifa zima likalia usiku kucha na kutaka kurudi utumwani. Wawili walieleza yale yale kwa namna nyingine. Mwenye kuleta habari, hata akiwa ameyaona mambo kwa kweli, anawajibika kwa jinsi anavyoyasema.

Mwisho, tukumbuke ulinzi wa kura uko wapi. Mwaka 2007 tofauti iliyotangazwa ilikuwa kura 231,728. Mwaka 2022 ilikuwa kura 233,211, karibu idadi ile ile. Mara ya kwanza nchi iliungua. Mara ya pili wananchi walibishana, wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi Septemba 5, 2022. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, lakini moja naiona dhahiri: mara ya pili fomu za vituo, zile 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi kila mtu azisome na kuzijumlisha mwenyewe. Na Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017, ilitazama jinsi matokeo yalivyopelekwa na kuthibitishwa. Haikuamua kwa utafiti wa maoni wa mtu yeyote.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 tusipoteze nguvu zetu kubishana kama mgombea wetu ana 46 au 44. Tuhakikishe vijana wameandikishwa. Tuwafunze maajenti kusoma fomu na kuzinakili. Tukae kituoni mpaka karatasi ibandikwe mlangoni. Na redio ikitangaza utafiti, tuipigie simu na kuuliza maswali yale: nani amelipa, lini, wangapi, swali gani, makosa kiasi gani, na walionyamaza ni wangapi. Mtangazaji atakayeulizwa hivyo mara kumi na watu wa Gilgil, mara ya kumi na moja ataanza kueleza kabla ya kuulizwa.

 Mungu aibariki Kenya.